Kona Punda Ina Jina, Mzee Meza Hana

Punda wa Tana River ana kona yake. Iko upande wa Madogo, kwenye barabara ya kuingia Garissa, na inaitwa Kona Punda. Kama hukuwa umeisikia, uliisikia Aprili 2024, mto ulipofurika ukaimeza lami na boti iliyokuwa inavusha abiria ikapinduka. Watangazaji wa Nairobi walilitamka jina hilo siku baada ya siku mpaka wakalizoea. Sina ugomvi na punda. Kwa kazi anayoifanya kaunti hii, ya maji na kuni na mizigo ya watu, anastahili hata kona mbili. Ugomvi wangu ni kwamba Mzee Meza Galana hana hata moja.

Mzee nani? Hapo ndipo pananiuma, kwa sababu sauti yake unaijua. Umeiimba Jumatatu na Ijumaa kwenye gwaride la shule, jua likikuchoma utosini na mwalimu wa zamu akitafuta nani anacheka. Umeisimamia kwenye sinema, bisi mkononi, kabla filamu haijaanza. Paris mwaka 2024 ilipigwa mara nne mbele ya dunia: mbili kwa Beatrice Chebet, moja kwa Faith Kipyegon, moja kwa Emmanuel Wanyonyi. Na Juni mwaka huohuo vijana wa rika lako waliiimba barabarani, bendera shingoni, mbele ya polisi na gesi ya machozi.

Muziki wa "Ee Mungu Nguvu Yetu" ulitoka Mto Tana. Ni wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, ule wa mama ambaye kazi haijaisha na mtoto naye hataki kulala. Mwaka 1963 nchi ilikuwa inakaribia uhuru na haina wimbo, ikaundwa kamati ya watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Badala ya kuazima sauti ya Ulaya walitafuta ya nyumbani, na iliyoshinda ilikuwa ya Kipokomo. Anayetajwa kuwa ndiye aliyewapa ni Mzee Meza. Bendera ilipopanda usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, wimbo uliosimamisha watu ulikuwa umezaliwa kwenye kibaraza cha nyumba ya makuti, ukingoni mwa mto.

Hebu lifikirie hilo kidogo. Majenerali, majaji, maaskofu, wote wima, mikono ubavuni, vifua mbele, wanasikiliza wimbo wa kulaza mtoto. Mimi nalipenda jambo hili kuliko hadithi yoyote nyingine ya taifa hili. Nchi nyingine zimechukua nyimbo za vita, mizinga na damu. Sisi tulichukua wimbo wa mama anayesema nyamaza mwanangu.

Majina matano ya kamati yamo vitabuni, na ni haki yao. Jina la sita ulilazimika kulitafuta. Uzeeni waandishi wa habari walimfuata Mzee Meza kijijini, wakaandika kwamba mzee wa wimbo wa taifa anaishi maisha magumu na anaomba atambuliwe. Habari hizo zilikuwa zikirudi kila mara sikukuu za taifa zinapokaribia, kama mapambo ya bendera barabarani, kisha sikukuu inapita na kila mtu anaendelea na mambo yake. Mzee ameshatangulia mbele ya haki. Mimi sidai alipwe, maana wa kulipwa hayupo. Nadai njia panda.

Na njia panda yenyewe ninaijua. Ukitoka Malindi, ukavuka daraja la Sabaki, ukapita Gongoni na ile nchi tambarare inayokufanya usinzie hata kama ulilala vizuri, unafika Minjila. Hapo barabara inagawanyika. Mkono wa kulia unakwenda Witu na Lamu. Ukinyoosha unaingia Garsen, halafu Hola, halafu Garissa. Kila basi la kutoka Mombasa kwenda Lamu linapinda hapo. Kila lori la Garissa linapita hapo. Ndipo abiria wa Lamu, kwa miaka mingi tangu mashambulizi ya 2014, walipojifunza maana ya kusubiri: vitambulisho mkononi, mabasi yamepangwa, askari ndio wanaosema safari inaanza saa ngapi. Hakuna mahali katika delta nzima panapoonwa na macho mengi ya wageni kuliko pale. Kibao kilichopo kinakwambia upande wa Lamu na upande wa Garissa. Hakikwambii umefika wapi.

Nataka pale paitwe Njia Panda ya Mzee Meza Galana.

Narudia ili nisieleweke vibaya: njia panda, si mji. Minjila ibaki Minjila. Ni jina la watu wa pale na halijamkosea mtu. Mwenye duka Minjila asiamke akute anauza sukari kwenye mji asioujua. Nazungumzia makutano ya barabara mbili, ile lami tu, pale ambapo leo makanga anapiga kelele "junction, junction!" kana kwamba dunia nzima ina junction moja.

Kuna watakaosema njia panda haihitaji jina la mtu. Haya. Tanzania, kule Kilimanjaro, kuna mji unaitwa Njia Panda na unaishi vizuri tu. Hapa Kenya tuna Makutano ya Kapenguria, Makutano ya Meru, Makutano ya Mwea. Lakini tazama yanayotokea pale tusipochagua. Wewe wa Nairobi unashukia Allsops, jina la kampuni ya bia ambayo hujawahi kuionja. Unashukia General Motors. Ukipanda kwenda Murang'a unapita Kenol, kituo cha petroli kilichozaa mji mzima. Njia panda haikai bila jina. Ukiiacha wazi, wa kwanza kuleta tangi la mafuta na taa za kumetameta ndiye anayeibatiza. Minjila nayo siku moja itajengwa kituo kikubwa cha petroli, na wajukuu zetu watasema wameshukia pale kwa nembo ya kampuni, na hakuna atakayeuliza baraza lilikaa lini.

Sasa nije kwa wanaopinga, maana wapo, na wengine ni watu ninaowaheshimu.

Wa kwanza wanasema: barabara kwanza, jina baadaye. Watu wa Garsen wamekuwa wakikatwa na mafuriko mwaka baada ya mwaka. Novemba 2023 maji, Aprili na Mei 2024 maji tena. Maji yakienda unakuja ukame, ng'ombe wanakufa, mikokoteni ya maji inapandisha bei. Wewe unatuletea habari za kibao? Nimelisikia hili mara nyingi, na mara nyingi linasemwa na mtu ambaye hiyo barabara anayoitetea hajawahi kuipigania hata kwa barua moja. Kibao ni nguzo mbili, bati na rangi. Hakuna zahanati itakayokosa dawa kwa sababu ya bati. Halafu ni lini Garsen iliambiwa "subirini maji kwanza" na maji yakaja? Tungekuwa tunangoja mambo muhimu yaishe ndipo tukumbukane, tungekuwa bado tunangoja tangu 1963.

Na kuna jambo jingine ndani ya hoja hiyo linalonikera. Garsen hutajwa kwenye taarifa ya habari kwa mambo matatu: mafuriko, ukame na mauaji. Mtoto wa Tana Delta akienda shule ya bweni Nairobi au Nakuru, akisema kwao ni Garsen, anaulizwa kama kumetulia. Mtoto huyo anastahili jibu la nne. Anastahili kusema: kwetu ndiko ulikotoka ule wimbo, na ukipita kwa basi utaona kibao.

Wa pili wanasema: wimbo ni wa jamii, si wa mtu mmoja. Wengine humwita Mzee Meza mtunzi, wengine wanasema alikuwa mbebaji tu wa wimbo wa kale wa wanawake wa Kipokomo. Hoja hii naipenda kuliko wanavyoipenda wanaoileta. Ni kweli, wimbo wa kubembeleza haubuniwi na mzee mmoja akiwa amekaa chini ya mwembe. Umeimbwa na wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote, hata kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliowabembeleza, maana vyeti vyenyewe havikuwepo. Basi andikeni hivyo! Jina la mzee juu, na chini yake mstari mmoja: sauti ya wimbo wa taifa ilitoka kwa kina mama wa mto huu. Ninachokataa ni ile hila ya kutumia "ni wa jamii nzima" ili asitambuliwe yeyote, jamii wala mtu. Kamati ya watu watano nayo haikutunga kila noti peke yake, na hakuna aliyesema majina yao yafutwe.

Jirani zetu wamepitia hayahaya. George Wilberforce Kakoma, aliyetunga wimbo wa taifa wa Uganda, alipewa Sh2,000 wakati wa uhuru mwaka 1962, na uzeeni akaishtaki serikali kudai chake. Alifariki 2012. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, ambaye muziki wake Watanzania wanausimamia hadi leo kwenye "Mungu Ibariki Afrika", alikufa 1905 na kwa miongo mingi hakuna aliyejua kaburi lake liko wapi. Ilibidi litafutwe katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, na mwaka 1996 serikali ya Mandela ikalitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa. Sontonga alichelewa miaka 91. Sisi bado tuna watu waliomjua Mzee Meza, waliokaa naye, wanaojua alivyokuwa akicheka. Tunangoja wafe nao?

Wa tatu hawasemi kwa sauti. Wanasema ukishatoka. Wanasema: huyo ni Mpokomo, na Garsen si ya Wapokomo peke yao.

Hapa niandike polepole. Mimi ni mtu wa delta. Kabila langu silitaji, na najua tayari umeanza kulitafuta kwenye jina langu hapo juu. Hii ndiyo kaunti tuliyonayo. Agosti 2012 Riketa, Septemba Chamwanamuma na Kilelengwani, Desemba Kipao. Zaidi ya watu 100 waliuawa kabla mwaka haujaisha, wakiwemo watoto wengi, na polisi tisa walikufa Kilelengwani peke yake. Rais Kibaki akatangaza kafyu, ikaundwa tume chini ya Jaji Grace Nzioka, na sisi wengine tukajifunza kuulizana majina kwa njia ya mzunguko kabla ya kukaa kiti kimoja ndani ya matatu. Mkulima anataka kingo za mto apande, mfugaji anataka njia ya ng'ombe kufika majini, na mto ni huohuo mmoja. Katika mahali kama hapo, jina kwenye kibao si bati na rangi tu. Najua. Mtu wa Orma au Wardei akiliona pale anaweza kusoma: hapa ni kwetu, wewe pita.

Ndiyo maana nasema Mzee Meza na si mtu mwingine. Hebu nitajie jina lingine la delta ambalo kila kabila la kaunti hii tayari limeshalisimamia wima. Mtoto wa Kiorma wa shule ya msingi Garsen anaimba sauti hiyohiyo Jumatatu asubuhi, na Mgiriama, na Mmunyoyaya, na Mbajuni, na mtoto wa askari aliyehamishwa kutoka Kisii. Wapokomo walishaitoa. Hawawezi kuirudisha hata wakitaka. Imekuwa ya Mkikuyu na ya Mluo, ya Msomali na ya Mkenya Mhindi. Ukilipinga jina la Mzee Meza kwa sababu ni la Wapokomo, basi Jumatatu asubuhi ungebaki umekaa.

Na kama Waorma wana mtu wao wa kukumbukwa, na najua wanao, basi waje naye na mimi nitaandika makala yake kwa kalamu hiihii. Garsen ina soko la mifugo linalolisha watu mpaka Mombasa. Kuna daraja, kuna barabara za ndani ya mji ambazo hazina majina kabisa, unaelekezwa kwa "pale kwenye mnazi ulioanguka". Nafasi zimejaa. Nisichotaka ni ule ugawaji wa mizani, kibao kimoja kwenu kimoja kwetu, kama vile tunagawana nyama ya mahari. Kila jina lisimame kwa miguu yake, lijibu swali moja: huyu alitufanyia nini sote?

Kundi la nne ni wanasiasa. Hawa hawapingi. Hawa ni hatari zaidi kwa sababu wataunga mkono. Watasema wazo zuri sana, mheshimiwa analiunga mkono, halafu siku ya kuzindua utakuta jina la mzee limeandikwa kidogo na picha ya mheshimiwa imewekwa kubwa, fulana zimechapishwa, na hotuba ni ya kura za mwaka unaofuata. Au baya zaidi, atatokea mtu wa kunong'ona: kwa nini tusimpe mtu aliye hai, mtu wetu, anayeleta maendeleo?

Mkumbuke Kileleshwa. Mwaka 2021 kibao cha Francis Atwoli Road kiliwekwa mahali palipojulikana kwa jina la Dik Dik. Hakikukaa kwa amani: watu walikasirika mtandaoni, kibao kikashambuliwa, kikachomwa moto. Sisemi uchomaji ni sawa. Nasema watu waliamka wakakuta jina limeshaamuliwa, la mtu aliye hai na mwenye nguvu, na hakuna aliyewauliza. Kwa hivyo nina sharti langu, na sitalilegeza: hakuna jina la mtu aliye hai. Aliye hai bado ana nafasi ya kutuaibisha. Mzee Meza hana tena uwezo wa kugombea kiti chochote, na hiyo ni sifa kubwa katika kaunti hii.

Kisha wako wanaocheka tu. Wanasema andikeni mnavyotaka, watu wataendelea kusema Minjila. Barabara ya Nairobi ina jina la Profesa Wangari Maathai na makondakta bado wanaita Forest Road. Ni kweli. Lakini ulizeni watu wangapi sasa wanaishi bila kujua Kimathi Street iliwahi kuwa Hardinge, au Kenyatta Avenue iliwahi kuwa Delamere. Jina linashika pole pole. Linaanza kwenye kibao, linaingia kwenye tikiti ya basi, linaingia kwenye simu ya mtu anayeomba kuelekezwa, na mtoto aliyezaliwa baada ya hapo hajui kwamba liliwahi kuwa geni.

Na Tana River, kati ya kaunti zote za nchi hii, haina haki ya kusema majina si kitu. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa mpaka wakafa kwa sababu walikataa kufanyishwa kazi. Maelezo ya kwanza ya serikali ya kikoloni yalikuwa kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Kwenye kaunti ambayo maji yenyewe ni ya kutafuta. Uwongo huo ulipovunjika na Bunge la Uingereza likawaka moto, walifanya nini na mahali penyewe? Walibadilisha jina. Hola ikaitwa Galole, ili mtu akilisikia asikumbuke. Wakoloni walijua kazi ya jina kuliko sisi tunavyojua. Leo mji umerudi kuwa Hola na kaburi la wale 11 lina kumbukumbu yake, lakini eneo bunge bado linaitwa Galole, na sidhani wengi wanaolipigia kura wanajua jina hilo lilitumika kufunika nini.

Yaani tuna mfano tayari, juu ya mto huuhuu, wa watu waliotumia jina ili kufuta. Mimi naomba tutumie jina kwa kazi iliyo kinyume, na naambiwa si wakati wake.

Sasa kazi yenyewe, maana sipendi makala za kulalamika zisizo na anwani. Barabara zote mbili zinazokutana Minjila ni za taifa, ziko chini ya KeNHA. Kwa hiyo kaunti haiwezi kuamka ikachomeka nguzo. Lakini kaunti inaweza kuanza. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti, na bunge likipitisha hoja linaandikia KeNHA. Katiba yenyewe, kifungu cha 9, inautaja wimbo wa taifa miongoni mwa alama za taifa pamoja na bendera, na kifungu cha 11 kinasema utamaduni ndio msingi wa taifa. Kuna Sheria ya Mashujaa ya 2014 pia, iliyotungwa hasa kwa ajili ya watu wa aina ya Mzee Meza. Hakuna sheria inayokosekana. Kinachokosekana ni mtu wa kupiga chapa karatasi na kusimama foleni.

Kabla ya karatasi, baraza. Na baraza lisifanyike hotelini Malindi kwa posho na chai ya saa nne. Lifanyike Minjila penyewe, chini ya mti, siku ambayo si ya soko, wazee wa Kipokomo na wazee wa Kiorma wakae upande mmoja na si kutazamana kama timu mbili. Familia ya mzee iulizwe kwanza, kabla ya chifu, kabla ya mheshimiwa, kabla ya mimi. Wakisema hawataki, naifunga makala hii na sitaitaja tena. Wakisema wanataka jina liandikwe hivi na si vile, liandikwe wanavyosema wao, herufi kwa herufi. Kina mama wazee wanaoujua wimbo wa kwanza, kabla haujavalishwa tarumbeta, waletwe mbele wauimbe. Sijui kama vijana wetu wamewahi kuusikia hivyo: bila bendi, kwa sauti ya chini, kwa mwendo wa mtu anayetikisa mtoto. Ukiusikia hivyo, ule wa gwaride unakuwa wimbo mwingine kabisa.

Kuhusu kibao, mimi ningependa kiwe cha kijani kama vingine vya barabara kuu, saizi ileile, bila picha ya mtu, bila jina la mfadhili, bila tarehe ya kuzinduliwa na nani. Kisomeke usiku kwa taa za basi. Kiwe juu kiasi cha kutobandikwa mabango ya kampeni. Na kitazame pande zote tatu, kwa sababu anayetoka Lamu ana haki sawa na anayetoka Malindi, na anayetoka Garissa amekaa kwenye gari muda mrefu kuliko wote wawili.

Ombi lenyewe nimeshaliandika. Ni kurasa mbili, Kiswahili, lina nafasi ya jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Wa delta mlioko Mombasa, Nairobi na Doha, nyinyi mnaopita Minjila mara mbili kwa mwaka mkiwa mmelala na vichwa vimegonga dirisha, sahihi zenu zinahesabika sawasawa na za walioko nyumbani. Vijana wa maboda pale njia panda wamekubali kukaa na karatasi. Mmoja wao ameuliza kama mzee alikuwa ni yule wa kwenye noti ya zamani. Nikamwambia hapana, hakuwahi kuwekwa kwenye noti. Akasema basi alete kalamu, atakuwa wa kwanza.